Maji ya tangi la samaki yamegeuka kijani na mimea imo ndani: ni mwanga, ni maji ya kisima au ni udongo?

#1 Mpenda_Mimea
Mbukwenyi wakuu. Tangi liko Ipagala, Dodoma, ni la sentimita 100 kwa 40 kwa 45. Ukiondoa udongo na mawe linabaki na maji kama lita 150. Chini kuna udongo wa bustani uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, unene sentimita 3, na juu yake mchanga wa mto uliooshwa, sentimita 3 nyingine. Mimea ni valisneria, higrofila na anubiasi. Samaki ni gapi na moli, jumla 25. Taa ni LED ya wati 36, inawaka saa 10 kwa siku. Filta ni ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Maji ni ya kisima cha mtaani, yanakaa kwenye simtenki kabla ya kutumika.

Sasa hivi yana kijani cha mlenda, ukizamisha mkono huoni vidole. Nikibadilisha nusu ya maji, kesho yake jioni yamerudi palepale. Samaki wanakula vizuri, ila alfajiri wanapanda juu kuvuta hewa. Nimeshaambiwa ni taa, nikaambiwa ni kisima, nikaambiwa ni udongo. Wajuzi njooni na sababu, siyo dawa tu.

#2 fundi_filta
Kabla ya sababu tuhakikishe ni nini. Chota maji kwenye glasi safi, weka mbele ya karatasi nyeupe, iache kivulini mpaka kesho. Kijani kikishuka chini, huo ni uchafu au mwani uliobanduka kwenye vioo. Kikibaki kimeenea glasi nzima, ni mwani wa seli moja moja unaoelea, jamii ya Chlorella na ndugu zake. Maji yenye ukungu mweupe ni bakteria, hilo ni jambo jingine kabisa.

Na usiilaumu sponji. Seli hizo nyingi ni mikroni 2 hadi 10, zinapita kwenye matundu ya sponji bila kupunguza mwendo.

#3 AreaD_Aqua
Taa. Saa 10 kwa wati 36 kwenye lita 150 ni nyingi mno kwa mimea uliyoitaja. Anubiasi ni mmea wa kivulini, hauna haraka, mwanga usioutumia wanautumia wengine. Shusha mpaka saa 6, weka taima ili isitegemee nani amekumbuka kuzima. Mjadala umeisha.

#4 Mpenda_Mimea
Asante #2. Glasi imelala kivulini, asubuhi kijani kiko vilevile juu mpaka chini. Nimechuja pia kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, kitambaa kimebaki cheupe na maji yamebaki kijani.

#5 Maabara_Makole
Mjadala haujaisha, mkuu #3. Kuna matangi yanawashwa saa 10 na maji ni safi. Mwanga ukiwa peke yake unakuletea mwani wa kwenye vioo na majani. Wa kuelea unahitaji cheche, na cheche hiyo mara nyingi ni amonia.

Tazama kilichomo humo: samadi ya ng'ombe, tena haisemwi ilikaa muda gani, chini ya mchanga wa sentimita 3 tu. Kila mmea unapong'olewa kuhamishwa, samadi inapanda juu na amonia inamwagika majini. Ongeza samaki 25 na sponji moja. Kwa kadiri ya ukubwa wake, seli ya mwani inaichukua amonia kwa haraka kuliko mmea, kwa sababu ni ndogo na imezungukwa na maji pande zote.

Nipe vipimo viwili vya amonia: asubuhi kabla ya taa, na saa 24 baada ya kubadilisha maji. Tumia vipimo vya matone, vile vya karatasi kwa amonia ndogo havina msaada. Usishangae ukikuta sifuri, maana mwani wenyewe unaila kadiri inavyotoka. Sifuri kwenye maji ya kijani haithibitishi kwamba amonia haikuwepo.

#6 Kikuyu_Kusini
Tangi limekaa dirisha la upande gani? La mashariki na magharibi ni mabaya, jua linaingia moja kwa moja. Lihamishie dirisha la kaskazini, huko jua halifiki kamwe.

#7 Ramani_na_Jua
#6 hapo nakusahihisha kwa upendo, ushauri huo ni wa Ulaya. Sisi tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua linapita juu ya utosi wetu mwanzoni mwa Machi na tena kama wiki ya pili ya Oktoba. Kati ya hapo, kuanzia Machi mpaka Oktoba, saa sita mchana jua liko upande wa kaskazini. Mwezi Juni linakuwa na kimo cha nyuzi kama 60, kwa hiyo dirisha la kaskazini lisilo na baraza linaingiza mwanga mzuri tu, tena kiangazi anga halina wingu. Kuanzia Oktoba mpaka Machi zamu inahamia dirisha la kusini.

Anayetaka kivuli mwaka mzima aangalie upana wa paa na baraza, siyo upande wa dunia. Au aweke pazia zito.

#8 Mpenda_Mimea
Dirisha liko kaskazini, mita moja na nusu kutoka kwenye tangi, pazia jepesi. Asante #7, hilo sikulitarajia.

#9 AreaD_Aqua
Mmeona? Mwanga.

#10 Kisima_Kirefu
Mnalizunguka jambo la maji yenyewe. Bomba la mjini kwa miaka mingi limetegemea visima virefu vya bonde la Makutupora, lakini visima vya mtaani ni habari nyingine. Nitrati nyingi kwenye maji ya ardhini ya Dodoma imeandikwa na wanajiolojia tangu miaka ya 1990. Kisima kifupi karibu na vyoo vya shimo hakikosi nitrati.

Halafu kuna kitu watu hawakihesabu: kujazia. Kiangazi chetu ni kikavu na kina upepo, tangi lisilo na mfuniko linapoteza maji kila siku. Chukua lita 2 kwa siku kwenye lita 150. Kinachopaa ni maji matupu, chumvi na nitrati zinabaki. Ukijazia kwa maji yenye nitrati miligramu 40 kwa lita, umeingiza miligramu 80 kila siku, yaani nusu miligramu na ushei kwa kila lita ya tangi. Mwezi mmoja ni 16. Na wewe unadhani hujaweka mbolea.

Dawa yake: mfuniko wa kioo ulioachiwa upenyo wa hewa, na kujazia kwa maji ya mvua. Mvua zikianza Desemba, acha ya kwanza ioshe mabati kwanza ndipo uelekeze mfereji kwenye tangi la kuhifadhia.

#11 Maabara_Makole
Hesabu ya #10 ni sahihi na ushauri wa mvua ni mzuri, ila hitimisho nalikataa. Watu wa mimea wanaweka nitrati kwa makusudi, wanakaa kwenye miligramu 20 mpaka 40 kwa lita, na maji yao ni safi. Nitrati ni chakula, siyo cheche.

Pia muwe waangalifu na vipimo. Kuna karatasi za maabara zinazoandika nitrati kama naitrojeni. Miligramu 10 za naitrojeni ya nitrati ni sawa na miligramu 44 za nitrati yenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 50 kwa nitrati, ambayo ni 11 ukiandika kwa naitrojeni. Watu wanasoma 10 wanafurahi, kumbe wako karibu na mstari.

#12 Mzee_wa_Shabu
Wanangu, mnasomana vizuri lakini kijana anataka kuona samaki wake. Shabu. Ile ya mawe sokoni, inayotumika kutuliza maji ya mto. Seli za mwani zina chaji hasi, zinasukumana, ndiyo maana hazitui. Shabu inavunja hiyo chaji, zinashikana mabonge, filta inayakamata.

Usiimwage kwa kukisia. Saga, pima gramu 10, yeyusha kwenye lita moja ya maji. Hapo kila mililita ina miligramu 10. Weka maji ya tangi lita moja moja kwenye mitungi mitatu ya kioo. Wa kwanza mililita 1, wa pili 2, wa tatu 4. Koroga haraka dakika moja, kisha polepole dakika kumi, acha nusu saa. Mtungi wenye dozi ndogo kabisa uliotulia ndiyo dozi yako. Ukiwa ni wa pili, tangi la lita 150 linataka gramu 3, zigawe mara mbili kwa siku mbili. Kabla ya kuweka, funga pamba ya mito, ile ya poliesta, kwenye njia ya maji ya filta, maana sponji peke yake itaziba na mabonge.

Ila angalieni ugumu wa kaboneti, yaani kaboneti iliyomo majini inayozuia pH (kipimo cha asidi) isianguke. Kila miligramu ya shabu inakula nusu miligramu yake, na ukiisha pH inaanguka.

#13 Maabara_Makole
Shikamoo mzee. Mbinu ya mitungi nakazia mara mia. Nusu miligramu ni ya salfeti ya alumini ya viwandani. Shabu ya mawe ina potasiamu na maji mengi ndani yake, inakula kama theluthi moja tu. Miligramu 20 kwa lita zinaondoa miligramu 6 hivi, ambayo ni theluthi ya nyuzi moja ya ugumu wa kaboneti. Kwa maji ya visima vyetu, yanayoacha gamba jeupe kwenye birika, hiyo si kitu. Hatari ni kwa yule aliyejaza tangi zima kwa maji ya mvua akafuata #10 bila kuchanganya. Huyo pH itashuka chini ya 6, na alumini kwenye maji yenye asidi inachoma mashavu ya samaki.

Jambo jingine: fanya asubuhi kabla ya taa. Mwani ukishapata mwanga unavuta kaboni dayoksaidi yote na pH inapanda, mchana unaweza kukuta 8.5 au 9, na shabu inafanya kazi vizuri zaidi pH ikiwa chini ya 7.5. Wanaojaribu jioni ndio wanaosema haifanyi kazi.

#14 Mzee_wa_Shabu
Marahaba. Hilo la asubuhi nimelipokea.

#15 Mlonge_Asili
Mbona mbegu za mlonge hamzitaji? Zinatuliza maji bila kugusa pH. Unamenya, unatwanga, unachanganya na maji kidogo, unachuja kwa kitambaa, unamimina.

#16 fundi_filta
Kwa maji ya ndoo, sawa kabisa. Kwa tangi lenye samaki, hapana. Kinachoshika uchafu kwenye mlonge ni protini, lakini umo pia mafuta na mabaki ya mbegu ambayo yanabaki majini, na siku mbili zijazo yanaoza. Umeondoa mwani ukauletea chakula. Tena juisi nzito ya mbegu hizo inadhuru samaki wadogo.

Na kabla mtu hajafika na mrututu (salfeti ya shaba): shaba inaua konokono na kamba wote, inaunguza valisneria, na mwani ukifa wote kwa mkupuo oksijeni inaisha usiku uleule. Haidrojeni paroksaidi nayo, kama lazima, soma chupa. Asilimia 3 ndiyo wanayoiita volumu 10, asilimia 6 ni volumu 20. Watu wanachukua dozi ya moja na kutumia nyingine.

#17 UV_Nzuguni
Nyote mnatibu kwa mkono kitu ambacho taa ya UV (mionzi ya urujuanimno) inamaliza ndani ya wiki. Wati 9 inatosha kwa lita 150. Masharti:

Iwe ya nanomita 254 kweli. Zipo taa za zambarau zinazouzwa kwa jina la UV ambazo ni LED ya rangi tu, hazichomi kitu.

Maji yapite polepole. Pampu ya lita 225 hadi 300 kwa saa inatosha, yaani mara moja na nusu hadi mbili ya ujazo wa tangi. Ukiweka pampu ya lita 1,000 seli zinapita mbele ya taa bila kupata dozi.

Iwe baada ya sponji, siyo kabla, ili uchafu usikae kwenye kioo cha kwatzi. Maji yetu ni magumu, hilo gamba jeupe linajenga kwenye kwatzi na mwanga haupenyi. Kila mwezi kizime, kitoe, kipanguse kwa siki au ndimu. Taa yenyewe inachoka ndani ya mwaka hata kama bado inawaka bluu.

Kamwe usiiangalie ikiwaka nje ya ganda lake, wala usiifunge wazi ndani ya tangi. Inaunguza macho na ngozi. Na kama unaweka mbolea ya madini ya chuma, iweke UV ikiwa imezimwa, maana inavunja kile kinachoifanya chuma ibaki imeyeyuka.

#18 Maabara_Makole
UV inaondoa seli, haiondoi chanzo. Izime miezi miwili baadaye samadi ikiwa bado inatoa, utaona.

#19 UV_Nzuguni
Kwa nini niizime?

#20 Mama_Valisneria
Kwa sababu umeme unakatika, kaka yangu #19. Kuna njia isiyohitaji kununua chochote: giza. Lakini wengi wanaifanya nusunusu kisha wanasema imeshindwa, kwa hiyo naiandika yote.

Siku ya kwanza asubuhi, toa majani yaliyooza, nyonya uchafu wa juu ya mchanga bila kuuchimba, badilisha nusu ya maji. Lisha samaki kidogo, ndiyo mara ya mwisho. Zima taa. Funika tangi kwa blanketi zito au mifuko myeusi ya taka mikunjo miwili, bandika gundi ya karatasi kwenye kingo. Mwanga usipite hata pembeni, hasa nyuma karibu na ukuta mweupe, watu wanasahau huko. Pampu ya hewa iwake saa zote, maana gizani mimea na mwani vyote vinavuta oksijeni na hakuna anayetoa. Umeme ukikatika, uwe na pampu ndogo ya betri.

Siku nne. Usichungulie. Usilishe. Gapi na moli wakubwa hawapati shida kwa siku nne, vifaranga wahamishwe mapema.

Ukifungua, badilisha nusu ya maji palepale kabla ya kuwasha taa, kwa sababu mwani uliokufa unaoza na kutoa amonia, na hiyo ndiyo inayoanzisha duru ya pili. Osha sponji kwenye maji ya tangi uliyotoa, siyo ya bomba. Taa saa 5 kwa wiki, halafu 6. Siku mbili baadaye badilisha robo nyingine.

Higrofila itapauka kidogo, valisneria inaweza kuyeyusha majani ya zamani. Mizizi ikiwa salama yanarudi.

#21 Kondoa_1
Asante dada #20, umetema madini.

#22 Ramani_na_Jua
Nyongeza kwa #20: kuna wakati giza linagoma. Ukiona mchana kuna utando wa kijani unaojikusanya juu ya maji upande wa mwanga, halafu unatawanyika usiku, huenda siyo Chlorella bali ni Euglena au jamaa zake wenye mikia ya kuogelea. Hao wanaweza kuishi gizani kwa kufyonza vitu vilivyooza, na kwenye samadi havikosekani. Kwao UV au shabu ni bora.

#23 AreaD_Aqua
Kwa hiyo taa saa 6 haitoshi?

#24 Mama_Valisneria
Inazuia, haitibu. Maji yakishakuwa mazito hivyo, saa 6 bado ni karamu kwao. Na tufute wazo la kubadilisha maji tu: seli zikiwa na chakula na mwanga zinaongezeka maradufu kwa siku moja au pungufu. Ukitoa nusu leo, kesho zimerudi idadi ileile. Ndicho #1 alichokiona.

#25 Majani_ya_Juu
Wote mnatazama upande wa mwani, hakuna anayetazama upande wa mimea. Tangi hili lina mimea mizembe. Mwani unashinda kwa sababu mpinzani hajashuka uwanjani. Weka mimea ya kuelea juu: salvinia, au ule wa mfano wa kabichi ndogo, pistia. Majani yao yako hewani, kaboni dayoksaidi haiwaishii kamwe, na mizizi inafyonza amonia moja kwa moja majini. Funika nusu ya uso wa maji na taa imepungua yenyewe bila taima. Kila wiki toa theluthi, maana naitrojeni inatoka tangini pale tu unapoyatoa majani hayo.

Unapoyatoa, yaanike juani yakauke kabisa, kisha weka kwenye mboji. Usiyatupe kwenye korongo wala bwawa. Kilichofanywa na gugumaji Ziwa Victoria kinatosha.

Na potasiamu. Udongo wa samadi una naitrojeni nyingi, lakini mmea ukikosa potasiamu unakuwa na matundu kwenye majani ya zamani na unaacha kula hiyo naitrojeni. Mkuu #1, majani ya chini ya higrofila yana matundu yenye kingo za njano?

#26 Mpenda_Mimea
Ndiyo, #25, yapo. Na vipimo vya #5 nimefanya: asubuhi amonia 0.25, saa 24 baada ya kubadilisha nusu ya maji ni 0.5. Nitrati ya tangi 40, ya kisima 30. pH asubuhi 7.8, saa kumi jioni 8.8.

#27 Maabara_Makole
Amonia imepanda baada ya kubadilisha nusu ya maji, kwa hiyo inatoka chini. Ndiyo hiyo.

Na hiyo pH ya jioni inanitia wasiwasi kuliko kijani. Kwa nyuzi 27 za joto, pH ikiwa 8, sehemu ya amonia iliyo na sumu ni asilimia 6. Ikifika 9 ni zaidi ya theluthi. Amonia ileile ya 0.5 ambayo asubuhi ni ya kuvumilika, jioni inachoma. Punguza chakula leo, usisubiri kufunika.

#28 Kisima_Kirefu
Au imepanda kwa sababu umebadilisha maji ukavuruga mchanga. Na nitrati 30 kutoka kisimani ipo palepale. Nimesoma vipimo vilevile naona kisima.

#29 AreaD_Aqua
Mimi naona pH 8.8, yaani mwanga mwingi unaotumiwa na mwani mchana kutwa. Kila mtu ameona chake.

#30 fundi_filta
Kuhusu samadi: anayeanza upya asiweke ya moja kwa moja. Loweka udongo kwenye ndoo, koroga, mwaga vinavyoelea. Tandaza kwenye turubai unene wa sentimita 2 mpaka 3, ukauke, unyunyizie maji, ukauke tena, mara nne. Kwa jua letu la kiangazi kila duru ni siku moja au mbili. Bakteria wanageuza amonia kuwa nitrati na maji yanaiosha. Chekecha, weka sentimita 2 tu, juu yake mchanga wa punje za milimita 1 hadi 2, unene sentimita 5. Mchanga laini kama vumbi unaziba, chini panakosa hewa na kunatoa harufu ya yai bovu.

Kwa tangi lililopo, #1, ongeza sentimita 2 za mchanga juu taratibu kwa kikombe, na kuanzia sasa mmea ukatwe kwa mkasi usawa wa mchanga, using'olewe.

#31 Perege_Hombolo
Nimesoma mpaka hapa nashangaa mnavyopigana na mali. Huku kwenye mabwawa ya perege tunaweka samadi kusudi maji yawe kijani, vifaranga ndicho wanachokula. Tunapima kwa sahani ya sentimita 20 iliyopakwa nyeusi na nyeupe, unaizamisha mpaka ipotee machoni. Ikipotea kati ya sentimita 25 na 40 bwawa liko vizuri. Chini ya 20 unaacha samadi, maana alfajiri samaki watakosa hewa, kama hao wa #1 wanavyopanda juu.

Kabla hujafunika tangi, usimwage hayo maji. Yanafuga viroboto wa maji (dafnia, vidudu vidogo vinavyoogelea), na viroboto ni chakula bora cha gapi wachanga.

#32 Majani_ya_Juu
Si viroboto wenyewe pia wanasafisha tangi? Wanachuja seli hizo kwa kula.

#33 Perege_Hombolo
Wanasafisha, ila siyo wakiwa na samaki 25 wenye njaa, wataliwa kabla ya saa moja. Watundike ndani ya kikapu cha wavu laini, au toa maji ya tangi uyaweke kwenye pipa lao. Pia pH ya jioni ya 8.8 yenye amonia inawaua, kwa hiyo wape asubuhi.

#34 Mpenda_Mimea
Nimeamua: chakula nusu, mchanga wa nyongeza, salvinia, potasiamu, kisha giza la #20. Shabu nitaijaribu kwenye mitungi tu kwanza. Mkuu #33, nina lita 75 za kutoa siku ya kufunika, unazihitaji?

#35 Kisima_Kirefu
Utafanya mambo matano kwa pamoja halafu hatutajua lipi lilikuwa kweli.

#36 Mama_Valisneria
Samaki hawasubiri tujue, mwache atibu.

#37 Perege_Hombolo
#34 nazihitaji. Weka kwenye madumu ya lita 20, jaza robo tatu tu, hewa ibaki juu. Usifunge kifuniko kwa nguvu, na yasikae gizani, mwani utavuta oksijeni yote na kufa njiani. Yachuje kwanza kwa kitambaa ili mayai ya konokono na vipande vya majani visije bwawani. Toa asubuhi, kabla ya saa nne yawe yamefika.